Kila Ukingo na Mwenzake

Jumanne, tarehe kumi na moja Juni. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mapaa, na manyunyu yalikuwa yale ya kumfanya mtu afungue mwavuli, aufunge, kisha aufungue tena. Naanza na tarehe na hali ya hewa kwa sababu mwalimu wetu wa masomo ya jioni hutufundisha hivyo: anayesimulia jambo aliloliona ampe msomaji kwanza mahali pa kusimama. Tena ni siku ninayoishukuru, ingawa ilipoanza sikujua kwamba ningekuja kuishukuru.

Nilipofika karakana nilimkuta kaka yangu ameketi kwenye kiti changu.

Karakana yetu ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule. Ina dirisha moja kubwa, meza mbili, sahani ya chuma inayozungushwa na mota, ndoo ya maji, na rafu ya vijiti ambavyo mawe hugandishwa kwa nta ili yashikike vizuri. Kaka hukata vito, mimi hung'arisha. Yeye hukaa dirishani, alipokuwa akikaa baba. Mimi hukaa karibu na mlango.

"Leo wewe kaa pale," akasema, akinionyesha kiti cha dirishani kwa kidevu.

"Kwani pale pana nini?"

"Pana mwanga. Kaa."

"Kaka, kile kiti nimekipangusa vumbi miaka yote na sijawahi kukikalia."

"Basi leo utajua kama nilikuwa nimekalia mto au miba."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikavua kilemba kilicholowa, nikakitundika, nikasali sala yangu ya asubuhi kama kawaida kabla ya kuwasha mota. Katika sala hiyo jina lake hutangulia langu, na nina sababu. Nilipokuwa mtoto hapakuwa na nafasi yangu shuleni. Kaka ndiye aliyenifundisha kusoma tarakimu kwenye mizani ya karakana, akinifinya sikio nikikosea na kunipa mkate nikipatia. Nilipojiandikisha masomo ya jioni, nikiwa tayari nina wajukuu, watu wa mtaani walisema uzee umenipanda kichwani. Kaka aliniletea begi jipya la shuleni, jekundu, la mtoto wa darasa la kwanza. Tangu siku hiyo ananiita Mwanafunzi, na begi hilo ndilo ninalobeba hadi leo.

Yeye mwenyewe mtaa mzima humwita Jicho. Huona ufa ndani ya jiwe kabla mwenye jiwe hajamaliza kulifungua kwenye kitambaa.

Asubuhi ile Jicho hakutazama jiwe hata moja. Alipanga vijiti, akavipanga tena, akabadilisha maji ya ndoo ambayo yalikuwa safi. Mteja aliyekuja kuuliza kama jiwe lake la ganeti lina kasoro alijibiwa arudi siku nyingine. Nikazima mota.

"Kaka, unaumwa?"

"Siumwi."

"Umegombana na wifi?"

"Kama ningegombana na wifi yako ungesikia kutoka kwenu."

Hilo lilikuwa kweli. Nikamngoja. Ukimngoja vya kutosha husema.

"Lile jiwe la muuguzi," akasema hatimaye.

Muuguzi ni mama mmoja mstaafu wa mtaa wetu. Nusu ya watoto wa hapa walipokelewa na mikono yake, wakiwamo watoto wa kaka. Marehemu mumewe alimwachia kifuko cha mawe ya spineli, na ndani yake mlikuwa na jiwe moja kubwa kuliko yote, la zambarau hafifu kama wino uliotiwa maji mengi. Kila mwaka mume alikuwa akisema atalikatisha amtengenezee mkewe pete, na kila mwaka kulikuwa na jambo lingine la kutangulia. Sasa mama ameamua kutimiza mwenyewe. Alikuwa amemwomba kaka alikate, aje alichukue Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Nimekata upande wa chini wote," kaka akasema. "Nikang'arisha uso wa juu ili nipate kuona ndani. Nikaweka lenzi jichoni. Kila ukingo una mwenzake."

"Mwenzake vipi?"

"Nilipokata mstari mmoja naona miwili. Nikaligeuza jiwe, ukawa mmoja. Nikaligeuza tena, miwili. Inakuja na kuondoka."

Tulitazamana. Hakuna kati yetu aliyemtaja baba, lakini ilikuwa kana kwamba ameingia na kuketi.

Baba alikuwa na sheria moja katika kazi, na alitulea kwayo kuliko alivyotulea kwa mkate: jiwe halisemi uongo; ukiona jambo usilolielewa, anza kulishuku jicho lako. Ni sheria nzuri. Imetuepusha kuharibu mawe mengi, kwa kuwa fundi mwenye haraka hulaumu jiwe na kulikata tena. Lakini baba mwenyewe alipoanza kuona taa mbili mahali penye taa moja, alilishuku jicho lake na kunyamaza. Ilikuja na kuondoka, na kila ilipoondoka alijipa moyo. Akaharibu jiwe la mtu, kisha la mwingine. Siku aliyofungua kinywa tayari alikuwa anatofautisha mchana na giza tu. Miaka yake ya mwisho alikaa pale mlangoni, penye kiti changu, akitutambua kwa hatua zetu.

"Labda si spineli," nikasema.

"Mwanafunzi." Alilitamka jina hilo kama mtu anayefunga mlango polepole. "Nimekata spineli tangu sijaota ndevu. Uzito wake ni wa spineli. Kwenye sahani linasagika kama spineli, mng'ao wake ni wa spineli, na lilitoka kwenye kifuko cha spineli. Zirkoni huonyesha miwili, hilo najua, lakini zirkoni ni nzito, kiganja kingeniambia. Hili ni spineli, na spineli haina miwili. Sasa baba alisema uanze na nini?"

Swali hilo nikalijibu kwa swali:

"Baada ya hapo umetazama jiwe lingine?"

"Sijatazama chochote. Lenzi iko kwenye droo na itakaa humo. Sitaki kujua imefika wapi." Akakung'uta vumbi ambalo halikuwapo kwenye magoti yake. "Muuguzi akija nitamrudishia jiwe lake lilivyo na kumwomba radhi. Kuna mkataji wa upande wa pili wa mji aliyewahi kuiulizia sahani na mota. Nitamwachia. Sitaki kuharibu la mtu. Na wifi yako asijue bado."

"Utamficha mpaka lini?"

"Mpaka nijue la kumwambia."

Akatoka, akasema anakwenda kununua nta. Nta ilikuwa tele.

Nilipiga magoti pale pale kati ya ndoo na meza. Sala yangu haikuwa na ufasaha. Nilisema tu: Mungu wangu, usiyachukue macho ya mtu huyu, hiki kiti hakinitoshi. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nikafungua droo, nikatoa lenzi, nikalisogeza jiwe la muuguzi dirishani.

Nikaona miwili.

Nikaifuta lenzi kwa upindo wa nguo, nikanawa uso kwenye ndoo, nikabadilisha jicho. Miwili. Kila ukingo wa chini ulikuwa na mwenzake pembeni, mwembamba, kama mstari na kivuli chake. Nikatazama nje: mwendesha baiskeli mmoja, baiskeli moja, mbwa mmoja. Nikatazama jiwe: miwili.

Msomaji atashangaa kwa nini sikuelewa hapo hapo. Lakini sheria ya baba ilikuwa imeniingia kwenye mifupa. Nilichowaza ni hiki tu: kumbe hata mimi. Ni ya ukoo. Nimeanza kusoma majuzi tu na macho yanakwenda zake.

Nikairudisha lenzi kwenye droo. Kaka aliporudi na nta yake tulikaa hadi saa ya kufunga, yeye mlangoni na mimi dirishani, vipofu wawili wanaofichana.

Jioni ile nusura nisiende darasani. Nilikwenda kwa sababu nilijiambia kwamba kama siku zangu za kusoma zimehesabiwa, basi nizitumie.

Tunasomea katika shule ya msingi, watoto wakishaondoka. Madawati ni mafupi na magoti yetu hugonga mbao. Mwalimu wetu wa sayansi ana umri wa binti yangu wa mwisho, na huniita mama, lakini hanionei huruma nikikosea, nami humpenda kwa hilo. Jioni ile alikuwa amekuja na mfuko wa mawe, kwa kuwa somo lilikuwa mwanga.

"Kila mmoja aandike neno moja kwenye karatasi," akasema.

Niliandika "Asante". Ni neno la kwanza nililojua kuliandika bila kunakili, na mkono wangu ukiachwa huenda wenyewe huko.

Akapita dawati kwa dawati na kipande cha jiwe jeupe kinachopitisha mwanga, kinaitwa kalsaiti, akikiweka juu ya maneno yetu. Darasa likaanza kucheka. Kila neno lilikuwa limekuwa mawili.

"Mwalimu," akasema seremala anayekaa nyuma yangu, "hicho kitu usije ukakiweka juu ya mke wangu. Mmoja ananitosha."

"Na yeye kasemaje juu yako?" akajibu mlinzi wa benki, tukacheka zaidi.

Kipande kikafika kwangu. Asante yangu ikapanda juu ya Asante nyingine. Nilikitazama muda mrefu kupita adabu ya darasa.

"Mwalimu," nikasema, "kwa hiyo si macho yetu?"

"Macho yetu sote yangeharibika kwa mpigo mmoja, mama? Ni jiwe. Mwanga ukiingia humo hugawanyika njia mbili, kila moja ikaleta picha yake. Na ukikitazama kwa upande fulani, picha inabaki moja."

"Upande mmoja miwili, upande mwingine mmoja?"

"Ndiyo."

"Na spineli je? Nayo hufanya hivi?"

Alifikiri kabla ya kujibu, nami namshukuru kwa kufikiri kwake. "Spineli haifanyi. Chembe zake zimepangwa sawasawa pande zote, mwanga haupati sababu ya kugawanyika." Aliuona uso wangu ukibadilika. "Kuna nini, mama?"

Baada ya darasa nilimweleza yote. Hakuniambia nisihofu. Alisema yeye amesomea kemia na hajui sana vito, kwamba kuna mawe yanayofanana na mengine kama pacha na hutofautiana kwa jambo dogo kama hilo, na kwamba inaweza pia kuwa ni macho kweli. "Njia ya kujua ni rahisi," akasema. "Ninyi wawili mmeona. Mpe mtu mwingine atazame. Asiye wa damu yenu."

Nilirudi nyumbani nikimshukuru Mungu kwa watu walioolewa katika ukoo wetu, jambo ambalo, nikiri, sikuwahi kulifanya kwa moyo wote.

Wifi yangu huja karakana kila asubuhi na chupa ya chai. Siku iliyofuata aliingia kama anavyoingia, akianza kusema tangu nje.

"Nani kamkalisha huyu mlangoni? Mume wangu amekuwa bawabu?" Akanitazama mimi dirishani. "Na wewe wifi, umepindua serikali?"

"Serikali imejiuzulu," nikasema. "Wifi, kabla hujamimina, hebu shika hii lenzi."

Kaka akainuka. "Mwanafunzi."

"Kaka, sijamwambia kitu. Namwonyesha jiwe tu."

"Kwani leo nimeajiriwa?" wifi akasema, lakini tayari alikuwa ameipokea, kwa kuwa ni mtu asiyeweza kuona kitu akakiacha. Akafumba jicho lile lenye lenzi. Nikamrekebisha. Akafumba yote mawili. Nikamrekebisha tena.

"Naona zambarau."

"Tazama ndani zaidi, chini kabisa, kwenye kingo."

"Ngoja. Aa, nimeziona." Akaligeuza jiwe. "Mmetengeneza vizuri. Mistari miwili miwili, kama reli."

Kaka akasogea hatua moja.

"Umesema nini?" kaka akauliza.

"Reli. Kwani sivyo mlivyokusudia? Nilidhani ni mtindo mpya."

"Tazama tena."

"Mume wangu, ufundi siujui, lakini kuhesabu hadi mbili najua. Hii hapa miwili. Nikigeuza hivi," akageuza, "mmoja. Nikigeuza hivi, miwili."

"Macho yako hayana shida?"

"Macho yangu? Haya yanayoona vumbi chini ya kabati lako nikiwa jikoni?"

Nilichukua spineli ya kawaida kwenye kopo letu, tuliyokwisha kuikata zamani, nikaichukua lenzi kwa wifi, nikampelekea kaka vyote viwili. Hakunyoosha mkono. Nilielewa. Kama angetazama na kuona miwili hapo pia, hapangebaki mahali pa kujificha.

"Kaka," nikasema, "ulinifundisha kusoma tarakimu. Nisomee na wewe hii."

Akaipokea. Akaenda dirishani.

"Mmoja," akasema.

Nikampa nyingine. "Mmoja." Nikampa ganeti. "Mmoja, mmoja." Kisha yeye mwenyewe akaliinua jiwe la muuguzi, akalitazama kwa utulivu ule wa zamani, akilizungusha kwa ncha za vidole. "Miwili," akasema. "Lina miwili. Ni lenyewe."

Akaketi kwenye kiti chake cha dirishani, akaiweka lenzi mezani, akafunika uso kwa viganja vyote viwili. Hapo ndipo wifi alipoiweka chini chupa ya chai aliyokuwa ameibana kwapani.

"Kuna nini? Mmenificha nini?"

Akamwambia. Alimwambia yote, taa mbili za baba, droo, mkataji wa upande wa pili wa mji. Wifi alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo sijaliona tena tangu siku hiyo.

"Kumbe siku zote hizi unakunywa chai yangu na moyo umebeba hayo," akasema. "Mimi ni nani hapa? Jirani?"

"Sikutaka uhofu."

"Nihofu. Ndiyo kazi yangu." Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akamimina chai kana kwamba anaiadhibu. "Sawa. Jiwe limejitetea. Sasa na macho yaende yakajitetee. Kesho hospitali."

"Lakini si mmeona..."

"Kesho."

Tulimwambia muuguzi, kwa kuwa jiwe ni lake. Naye alisema kama linataka kupimwa lipimwe, akavaa viatu vyake vyeupe vya zamani vya kazini na kwenda nasi. Mwalimu alikuwa na rafiki aliyesoma naye anayefanya kazi kwenye maabara ya madini, akatupeleka kwake. Binti huyo alilipima jiwe kwa maji, kwa mwanga, na kwa mashine ambayo hatukuelezwa jina lake. Akarudi akiwa na uso wa mtu aliyeletewa mgeni asiyemtarajia.

"Ni taafeiti," akasema. "Sijawahi kuishika. Nimeisoma tu."

Akatueleza, na mwalimu akatueleza tena njiani kwa maneno yetu, nami nayaandika kama nilivyoyaelewa. Taafeiti ni oksidi. Oksidi ni kitu kilichoshikana na oksijeni, hii hii tunayoivuta puani. Kutu ya bati la karakana yetu ni oksidi ya chuma. Spineli ni oksidi pia, ya magnesi na alumini. Taafeiti ina magnesi na alumini vilevile, ila ndani yake imeingia na metali nyingine kidogo, iitwayo berili. Hiyo berili kidogo haibadili uzito hata ukausikia kiganjani, wala ugumu hata ukausikia kwenye sahani. Inabadili namna chembe zilivyopangana ndani, na kwa sababu hiyo mwanga unagawanyika. Mtu wa kwanza kuitambua, binti akasema, aliikuta tayari imekatwa, ndani ya kisanduku cha vito vingine, na alichokiona ni hiki hiki: kingo zilizo mbili mbili. Akatuonya kwamba vumbi lake ni sumu mtu akilivuta. Tukamwambia sisi hukata kwa maji.

"Wengine hulikata na kuliuza kama spineli bila kujua," akamwambia kaka. "Wewe ulitambuaje?"

"Sikutambua. Nilidhani napofuka."

Binti alianza kucheka, kisha akaona kwamba hakuna kati yetu anayecheka, akamletea kiti.

Mimi nilikuwa nikiifikiria ile berili. Kitu kidogo kisichoonekana, lakini mwanga hauwezi kupita bila kukishuhudia. Nilisema asante kimoyomoyo pale maabara, na sikujua kama namshukuru Mungu kwa jiwe, kwa kaka, kwa wifi, au kwa kipande cha kalsaiti kilichokaa juu ya karatasi yangu. Nadhani zote zilifika.

Hospitali ya macho ilikuwa imetangulia, asubuhi iliyofuata ile ya wifi na lenzi, kama alivyoamuru. Nimeichelewesha kwenye simulizi kwa kuwa ndiyo iliyobaki nasi zaidi.

Daktari alimtazama kaka muda mrefu, jicho moja kisha jingine. Akasema jicho la kulia ni zima. Katika la kushoto kuna mtoto wa jicho, mdogo sana, ukingoni, bado hajamzuia kuona chochote. Akauliza kama katika familia kuna aliyepoteza uwezo wa kuona. Tukamweleza kuhusu baba, taa mbili na mawe yaliyoharibika.

"Siwezi kumpima mtu ambaye sikumwona," akasema daktari. "Lakini mtoto wa jicho huweza kuanza hivyo, vitu kuonekana viwili. Huondolewa kwa upasuaji mfupi. Wewe bado. Uje kila mwaka. Na ukiona badiliko lolote usingoje mwaka uishe, uje siku hiyo hiyo."

Tulikaa kwenye benchi la korido, sisi watatu. Watu walipita wamefungwa bandeji jicho moja, wakishikwa mkono na watoto wao. Kaka aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Angesema tu," akasema.

Wifi alimshika mkono. Nilimwombea baba pale, na nilimshukuru hata kwa sheria yake, maana bila hiyo kaka asingeogopa, na bila kuogopa asingefika kwenye benchi lile.

Jumamosi ya ahadi muuguzi alikuja karakana. Mwalimu alikuja naye, maana nilimwalika aone jinsi tunavyofanya kazi, na wifi alikuwa ameleta chupa mbili za chai badala ya moja. Jua lilikuwa limetoka, na mwanga wa dirishani ulikuwa ule mweupe ambao kaka huupenda.

Aliliweka jiwe mbele ya mama yule, juu ya kitambaa.

"Mama, umesikia maabara. Si jiwe nililodhani. Ni adimu. Upande wa chini nimeumaliza, umebaki wa juu. Ukitaka kulipeleka kwa wakataji wakubwa, nitakufungia vizuri na sitakuwa na kinyongo."

Muuguzi alilitazama jiwe, kisha akautazama mkono wa kaka.

"Ulipokuwa unakata upande huo wa chini, mkono ulitetemeka?"

"Mkono hapana. Baadaye, moyo."

"Mimi nimepokea watoto, wakiwamo wako, moyo ukitetemeka na mikono imetulia. Kazi ikatoka. Malizia wewe." Akasogeza kitambaa upande wa kaka. "Hiyo mistari miwili itaonekana kwenye pete?"

"Kwa lenzi tu."

"Basi utanipa na lenzi. Marehemu alikuwa mtu wa namna hiyo. Ulihitaji kumtazama kwa karibu."

Mwalimu alicheka, kisha akaangalia chini kwa heshima, na muuguzi akamwambia acheke tu, marehemu angefurahi.

Kaka akavuta kiti chake. Wifi akauweka mkono wake juu ya sahani kabla kaka hajawasha mota.

"Bado," akasema. "Mama yupo, mwalimu yupo, dada yako yupo. Sema sasa, mbele yao."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Kaka alinitazama mimi, kisha kiti cha mlangoni, ambacho kilikuwa kitupu. Akainuka. Akanawa mikono kwenye ndoo, akaikausha polepole kidole kwa kidole, akasimama wima kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Siku nitakapoona miwili pasipo na miwili," akasema, "sitaweka lenzi kwenye droo. Mke wangu nitamwambia kabla chai haijapoa, na Mwanafunzi kabla mota haijawashwa, na hospitali nitakwenda siku hiyo hiyo kwa miguu yangu. Mungu ananisikia, na ninyi mmenisikia."